Nemu Kwanza, Kalamu Baadaye

Swali ninaloulizwa kila mara na vijana wanaotaka kuchora manga, zile hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, ni la vifaa. Kalamu gani? Karatasi gani? Tableti ya bei gani, au simu inatosha? Ni swali la haki, na nitalijibu huko mbele kwa kadiri ninavyojua. Lakini mtu aliyenifundisha kazi hii alilikwepa kwa muda mrefu, akawa ananirudisha kwenye swali lake yeye: msomaji akifungua ukurasa huu, jicho lake linaanzia wapi, linapita wapi, linaishia wapi? Nilipoweza kumjibu hilo bila kubabaika ndipo alipokubali tuzungumze habari za nibu, zile ncha za kalamu za wino.

Ni mzee wa Magomeni aliyeanza kuchora miaka ya themanini. Hapendi jina lake lizagae mtandaoni, kwa hiyo nitamwita Mzee tu, kama ninavyomwita nikibisha hodi. Kizazi chake kilikua kikisoma katuni za Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, kisha kikaja kuambukizwa homa ya jarida la katuni la Sani, la akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, ndiye anayemtaja kila tunapozungumzia mstari. Anasema ukimtazama mtu aliyechorwa na Ndunguru unajua amelala na njaa au ameshiba, hata kama umefunika uso wake kwa kidole. Nilijaribu kufunika. Ni kweli.

Manga aliifahamu ukubwani, kupitia kwa wajukuu wake. Aliwaona wameinamia simu, akadhani wanacheza gemu, akaomba aone. Tangu hapo amezisoma kwa jicho la fundi: anapita ukurasa mara moja kwa ajili ya hadithi, halafu anarudi kuhesabu fremu, vile visanduku vya picha. Mambo ya namna Wajapani wanavyofanya kazi nilimpelekea mimi kutokana na niliyokuwa nasoma. Hukumu ilikuwa yake.

Lililomkaa moyoni kuliko yote ni nemu. Mangaka, yaani mchoraji wa manga, kabla hajagusa karatasi ya kazi, huchora hadithi nzima haraka haraka kwenye karatasi yoyote: fremu, watu wa vijiti, vichwa vyenye alama ya msalaba kuonyesha uso umeelekea wapi, na maneno yote yakiwa mahali pake. Hiyo ndiyo nemu. Mhariri huisoma, huihoji, huirudisha, na wino haufunguliwi mpaka nemu ipite. Kwenye majarida ya kila wiki kama Weekly Shonen Jump, lililoanza 1968, sura moja huwa na kurasa kama 19, na siku kadhaa za wiki hiyo huliwa na nemu peke yake. Uchoraji wenyewe hufanywa mbio mbio, wasaidizi wakijaza nyeusi, wakichora majengo ya nyuma, wakibandika toni, yaani vile vidoti vidogo vinavyofanya kijivu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hapo umenena, binti. Kumbe na wao wanajua kazi iko wapi."

Wengi wetu tunaoanza hatuna habari na nemu. Tunaanza na uso. Tunachora macho makubwa, nywele zilizosimama, tunatia kivuli, tunapiga picha, tunatuma kwenye grupu la WhatsApp, tunasifiwa. Baada ya miezi tuna nyuso nyingi nzuri na hatuna hata kurasa nne za hadithi. Sisemi kuchora uso ni kupoteza muda. Nasema uso mzuri haujui kumpeleka msomaji popote.

Nitawaonyesha kwa ukurasa mmoja. Katika hadithi yangu kuna msichana, Mwajuma, muuza kashata pale kivukoni Magogoni. Mdogo wake amepanda pantoni kwenda Kigamboni na bahasha ya majibu ya hospitali ambayo siyo yake, na Mwajuma ndiye pekee anayejua. Anakimbia. Nilikuwa nimepanga fremu nane: anatupa sinia, anapita soko la samaki la Feri, anapishana na mkokoteni, honi inalia, watu wanasukumana, mlango wa pantoni unanyanyuka, anaruka, anatua. Kila kitu kilikuwemo.

Mzee alinituma kibanda cha fotokopi nitoe nakala. Alizikata zile fremu kwa mkasi moja moja, akazitandaza kwenye mkeka kama mtu anayepanga karata, kisha akaanza kuondoa. Aliondoa mkokoteni. Akaondoa honi, akisema mkono wa mfanyakazi wa kivuko ukiwa umeshika mnyororo unatosha, honi tutaisikia wenyewe. Akaondoa watu wanaosukumana. Alipofika kwenye fremu ya kuruka akaishika juu.

"Hii kwa nini umeichora?"

Nikamwambia ndiyo penyewe, ndipo roho inaporuka.

"Ndiyo maana uiondoe. Mwache msomaji aruke mwenyewe."

Nilipozichora upya kama alivyonielekeza, zikawa tano. Ya kwanza pana, imechukua upana wote wa juu: pantoni mbali, mlango wake bado uko chini, watu wadogo kama sisimizi. Chini yake mbili nyembamba zimesimama wima: mguu wenye ndala iliyokatika ukanda, na ule mkono kwenye mnyororo. Halafu uso wa Mwajuma, karibu mno, mdomo umefunguka, nyuma hakuna kitu. Hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya kufunua. Ukifunua, fremu ya tano ni ukurasa mzima: pantoni imeshatoka, maji yamefunguka katikati, na Mwajuma hayupo gatini. Yuko wapi? Inabidi umtafute kwenye lile kundi la watu ndani ya chombo, na ukimwona, kitenge chake kimelowa mpaka magotini.

Nilikaa nayo nusu saa. Hadithi ile ile, mtu yule yule, mkono ule ule wangu uliochora, na sasa ilikuwa inaniondoa pumzi.

Alinieleza hivi. Filamu ina mwendo wake, ukikaa kwenye kiti unachukuliwa. Kwenye karatasi msomaji ndiye dereva, anakwenda kasi anayoitaka, na wewe huna usukani. Ulichonacho ni matuta. Fremu nyembamba zisizo na maneno ni lami tupu, jicho linateleza. Fremu pana yenye vitu vingi vya kutazama ni tuta, lazima apunguze mwendo. Kiputo, kile kiduara cha maneno ya mhusika, kikiwa na maneno mengi ni tuta. Uso mkubwa uliozungukwa na weupe ni tuta la namna nyingine, kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Anayepanga ukurasa anapanga mahali mtu atakapokanyaga breki.

Osamu Tezuka, mangaka wa Japani, aliliona hilo mapema. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, alitoa kitabu kinachofunguka kwa gari linalokwenda kasi, na badala ya kuchora gari mara moja na kuandika kwamba linakwenda kasi, alilikata safari yake katika fremu kadhaa, mara linakuja, mara linapita, mara liko mbali. Watoto wa Japani waliotoka vitani walikuwa hawajazoea katuni za namna hiyo, na wachoraji wengi wa kizazi kilichofuata walisema kitabu kile ndicho kilichowavuta kwenye kazi. Tezuka alikuwa akisomea udaktari wakati huo. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaoniambia chuo kinawabana.

Suala la kufunua ukurasa linataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kurasa mbili zinazotazamana huonekana kwa pamoja. Ukiweka siri kwenye ukurasa wa pili wa jozi hiyo, jicho limeshaiiba kabla hujaifikia. Siri huwekwa nyuma ya karatasi, na fremu ya mwisho kabla ya kufunua iwe na kitu kinachomlazimisha mtu anyanyue kidole: swali, sauti, mtu anayegeuka. Nikisoma manga sasa natazama kwanza hizo pembe za mwisho kabla ya kufunua. Wachoraji wazuri hawaziachi wazi hata mara moja.

Hapo ndipo linapoingia suala la upande. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na vijana wengi wa hapa wanaona bila hivyo si manga. Nimewaza sana jambo hili, na Mzee alinisaidia kwa kunikumbusha kitu nilichokuwa nimekizoea mno hata nisikione. Watoto wa Magomeni, Temeke na Buguruni wanaokwenda madrasa wanasoma kutoka kulia jioni na kutoka kushoto asubuhi shuleni, na hawachanganyikiwi. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu karne nyingi, tenzi za kale za pwani zilikuwa zikienda kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo anayesema msomaji wa Dar hataweza kufuata fremu kutoka kulia hamjui msomaji wa Dar.

Hata hivyo mimi nachora kutoka kushoto, na sababu yangu ni vipu­to. Maneno ya Kiswahili tunayoandika leo yanakwenda kulia. Maandishi ya Kijapani ndani ya kiputo yanashuka wima, safu ya kwanza ikiwa kulia, kwa hiyo jicho la Mjapani linaendelea kwenda kushoto bila kugeuka. La kwetu likisoma kiputo linaishia kulia, kisha linaambiwa lirudi kushoto kutafuta fremu inayofuata. Kila kiputo kinakuwa mvutano mdogo. Ukichora kutoka kulia, fupisha maneno, kiputo kiwe na mstari mmoja au miwili, na mvutano huo hautahisiwa. Ila usije ukachora upande mmoja halafu ukageuza picha kwa programu ili kuwaridhisha watu. Dar ni mji ulioandikwa kila mahali: kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye mlango wa duka la Mangi, kwenye bajaji, kwenye kanga. Geuza picha uone. Dereva anahamia kushoto, na kanga ya mama inasomeka kama mtu aliyeandika akiangalia kioo.

Na kanga ni hazina ambayo sijui kwa nini hatuitumii zaidi. Kwenye hadithi ya picha, mhusika mwenye kanga ana kiputo cha pili mwilini. Mama anamwambia mgeni "karibu ndani", huku jina la kanga yake, likionekana nusu kwenye mkunjo, linasema Wacha waseme watachoka. Msomaji wa Kiswahili anakamata papo hapo kwamba ndani ya nyumba ile kuna maneno. Hakuna haja ya kumfanya mama afikiri kwa sauti. Mzee anasema wachoraji wa zamani walilijua hilo, na kwamba ukichora kanga usisahau pindo, maana kanga isiyo na pindo ni kitenge.

Sasa nifike mahali tulipobishana naye kwa wiki nyingi: rangi ya ngozi. Manga huchorwa nyeusi na nyeupe. Nyuso huachwa nyeupe kama karatasi, nywele hujazwa nyeusi au hubandikwa toni. Ukiwachora watu wa Dar kwa kanuni hiyo unapata nini? Kuna wanaoweka toni kwenye kila uso, kila fremu, ili isije ikadhaniwa ni Wajapani. Mzee hakubaliani kabisa. Kwake, ikiwa kila mtu katika hadithi ni mweusi, basi weupe wa karatasi ndiyo ngozi yao, na anayetaka kuthibitisha weusi wa mhusika atazame pua, midomo, taya, namna anavyokaa kigoda. Anatoa mfano wa katuni zote alizokua nazo: hakuna aliyempaka Lodi Lofa kijivu, na hakuna aliyeuliza ni wa wapi.

Mimi naona kuna kinachopotea. Jua la saa saba mchana hapa mjini likimpiga mtu mweusi usoni linaacha mng'ao kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, begani. Ndiyo sura ya mchana wa Dar kwangu. Uso mweupe wa karatasi hauwezi kuubeba mng'ao, kwa sababu tayari ni mweupe wote. Kwa hiyo kwenye nyuso za karibu naweka toni ya kati, kisha nauchonga mng'ao kwa kuufuta, na vivuli naviweka nyeusi tupu. Kwenye fremu ndogo na za mbali nafuata kanuni ya Mzee. Iko pia sababu ya kiufundi: toni ya vidoti ikipunguzwa ukubwa kwenye kioo cha simu hugongana na vidoti vya kioo, inafanya mawimbi mawimbi yasiyopendeza, na kwenye fotokopi hugeuka tope. Uso mdogo wenye tope haujulikani unacheka au unalia. Bado tunabishana, na sitaki ubishi huu uishe, maana kila mtu atakayechora watu wetu kwa mtindo huu itambidi aamue mwenyewe.

Kuhusu nywele hatukubishana. Alinikataza zile nywele za miiba zinazopaa hewani mpaka niweze kuchora twende kilioni. Jaribuni. Ile misuko inakwenda nyuma ikifuata mviringo wa kichwa, kwa hiyo usipojua fuvu limekaaje, misuko inakusaliti mara moja. Unaanza na njia, zile mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko, kwa penseli, zikizunguka kichwa kama mistari ya ramani. Kisha unajaza nyeusi kati yake ukiacha njia nyeupe, na katika kila msuko unaacha vialama vidogo vyeupe vya mshono vinavyolala upande mmoja. Njia zikikaribiana pembeni mwa kichwa, kichwa kinakuwa duara chenyewe bila kivuli chochote. Nilipoweza hiyo, mabutu yakawa rahisi, kiduku kikawa rahisi, na kwa mara ya kwanza wahusika wangu watatu wakisimama gizani wakiwa vivuli tupu, unajua nani ni nani. Huo ni mtihani wa mangaka wa Japani pia. Wanataka mhusika atambulike kwa umbo lake likiwa limejazwa nyeusi lote.

Sauti nazo ziko upande wetu. Manga huchora sauti, nazo ni sehemu ya picha, zinapinda na kuvunjika pamoja na kitu kinachotoa sauti hiyo. Wana hata sauti ya kimya. Sisi tuna jii, tuna chubwi, pwaa, tii, puu, ndi ndi ndi. Kijana anayeandika sauti za Kiingereza kwenye fremu ya mtu aliyeangukia maji ya Magogoni anaacha chubwi imelala bure. Ziandike kwa mkono. Fonti ya kompyuta hailowi.

Mzee alinipa pia zoezi moja ambalo nampa kila anayeniuliza sasa: nakili ukurasa mzima wa mchoraji unayempenda, kwa nemu tu, watu wa vijiti. Uso uuache. Chora fremu zake, weka vipu­to vyake, weka alama mahali penye nyeusi nyingi. Fanya hivyo kwa sura nzima. Baada ya hapo mkono wako unajua kwa nini fremu ya tatu ilikuwa ndogo. Na zoezi la fremu nne: jambo linaanza, linaendelea, linageuka, linafungwa. Wajapani wana katuni za fremu nne zilizojengwa juu ya mpango huo ambao asili yake ni ushairi wa Kichina. Chagua kitu ulichokiona leo, foleni ya maji, ugomvi wa chenji na konda, na ukimalize katika fremu nne. Ya tatu ndiyo ngumu.

Basi, vifaa. Karatasi ya kazi ya wenye kazi Japani ni B4, milimita 257 kwa 364, na ndani yake kuna fremu ya 180 kwa 270 ambamo maneno na mambo ya muhimu hukaa ili yasikatwe na mashine. Picha huchorwa kubwa, kisha hupunguzwa ikichapwa, na mistari hukaza. Steshenari za kwetu zimejaa A4 na A3, B4 ni ya kutafuta. Chora kwenye A3 kama unataka ipungue, au A4 kama una haraka, muhimu uwe na mpaka wa kukatia na mpaka wa ndani, na uvifuate. Karatasi ya rimu ya kawaida hunywa wino, ukungu unatoka pembeni mwa mstari. Tafuta nzito na laini. Kuhusu nibu: iko G-pen, inayonenepa ukikandamiza na kukonda ukiachia, ndiyo ya watu, na maru-pen, nyembamba, ya nywele na majengo. Ukizipata, shika G kwanza, na vuta mstari kwa mkono wote kuanzia begani. Usipozipata, Mzee alifanya kazi maisha yake yote kwa brashi namba ndogo na kalamu za Rotring, na mistari yake inapumua.

Wa simu wasidharauliwe. Najua watu hapa mjini wanaochora kwa ibisPaint kwenye simu yenye ufa, kwa kidole, na kazi yao inasimama. Wenye kompyuta wengi wanatumia Clip Studio Paint. Ukichora nyeusi tupu kwa ajili ya kuchapa, weka doti 600 kwa inchi tangu mwanzo, maana hutaweza kuziongeza baadaye. Na kama wasomaji wako wako kwenye simu, jiulize tena lile swali la jicho, kwa sababu hakuna tena kufunua. Kuna kushusha kidole. Nafasi tupu kati ya fremu na fremu inakuwa muda: ukiiacha ndefu, mtu anashuka gizani akisubiri. Uso wa Mwajuma na ile pantoni iliyotoka, kwenye toleo la simu, nimevitenganisha kwa weupe mtupu wa urefu wa kioo kizima na zaidi.

Mandhari ya nyuma usiyatoe kichwani. Hilo Mzee halitaki kulijadili. Kila mtu anajua Kariakoo mpaka aambiwe achore Kariakoo, ndipo anagundua hajui nyaya za umeme zinapita wapi, wala mpanga nguo chini anakaaje, wala mbeba mzigo anaweka kichwa pembe gani. Nenda na daftari dogo. Omba ruhusa, "Shikamoo mama, naomba nikuchore, sipigi picha" imenifungulia milango mingi pale Feri kuliko nilivyotarajia, na wengine waliniambia nimewanenepesha, wakanisahihisha, wakawa sahihi. Chora mikono zaidi ya nyuso. Mpara samaki ana mikono inayosema kila kitu.

Halafu maliza. Anza na hadithi fupi inayokwisha, kurasa nane, kumi na mbili, kumi na sita. Nazitaja hizo kwa sababu kijitabu cha kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, na mchapaji wa Kariakoo atakurudisha ukimletea kurasa kumi na tatu. Ndoto ya juzuu hamsini iwepo, lakini iwekwe kabatini kwa sasa. Ukiwa na kilichokamilika unacho cha kupeleka. Serikali ya Japani, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ina tuzo ya kimataifa ya manga tangu 2007, na wanaochora nje ya Japani ndio walengwa. Kuna pia Silent Manga Audition, iliyoanza 2012, ambayo hupokea manga zisizo na mazungumzo kabisa. Hiyo ya pili naiona kama imetengenezwa kwa ajili yetu. Kingo wa James Gayo amekuwa akiwachekesha watu bila kusema neno, na nchi nyingine zimemwelewa bila mkalimani.

Nachora ya kwangu kwa ajili hiyo, ni Mwajuma yule yule, safari hii bila kiputo hata kimoja. Nemu iko kwa Mzee. Amepitisha karibu yote, isipokuwa fremu ya nne ya ukurasa wa pili, ambapo mama aliye ng'ambo amenyanyua mkono. Anasema haijulikani anaita au anaaga. Sisi tunaita mtu kwa kiganja kikitazama chini, vidole vikivuta, na Wajapani hivyo hivyo, lakini majaji wanaweza kutoka popote, na mwenye kuona mkono huo kama wa kwaheri atasoma hadithi nyingine kabisa. Anataka mwili wote uite: shingo, kiuno, kisigino kimenyanyuka. Kesho asubuhi nitakuwa gatini na daftari, kabla foleni ya watu wa kazini haijajaa, kutazama akina mama wanavyowaita watoto walioko ndani ya pantoni.